Mzawa, Mgeni au Mpangaji? Uhakiki wa Sitiari ya Uzawa katika Mjadala Kuhusu Vijana na Teknolojia ya Dijitali

Ikisiri

Makala hii inahakiki sitiari ya "mzawa wa dijitali", yaani dai kwamba kijana aliyezaliwa wakati wa kompyuta, simu na intaneti huumiliki ulimwengu huo kama mtu anavyoimiliki lugha yake ya kwanza. Hoja yetu ni kwamba sitiari hii, iliyoazimwa kutoka katika isimu, haistahimili vipimo vya isimu yenyewe, na kwamba inapoingia katika Kiswahili hukutana na neno mzawa lenye historia yake ya madai ya haki na umiliki. Kwa kuchunguza tahajia ya ujumbe mfupi, msamiati wa kulipia huduma za simu na utanzu wa wasia, makala inaonyesha kwamba hali ya kijana inakaribia zaidi ile ya mpangaji kuliko ile ya mzawa, na kwamba sitiari ya uzawa inawapa watu wazima kisingizio cha kuuacha wajibu wa kufundisha.

1. Utangulizi

Kauli kwamba vijana wa leo "wamezaliwa na simu mkononi" imezoeleka kiasi kwamba haiulizwi tena. Husikika katika vikao vya walimu, katika hotuba za viongozi na katika mazungumzo ya wazazi barazani. Wakati mwingine hutolewa kwa fahari, wakati mwingine kwa masikitiko, lakini katika hali zote mbili hudai jambo moja: kwamba kuzaliwa katika kipindi fulani kunampa mtu ujuzi ambao waliomtangulia hawana na hawawezi kuupata kwa ukamilifu. Dai hilo lilipewa jina na Marc Prensky mwaka 2001, alipowagawa watu katika makundi mawili ya wenyeji na wahamiaji wa ulimwengu wa dijitali. Kwa Kiswahili, tafsiri inayojileta kwanza ni mzawa wa dijitali kwa upande mmoja, na mhamiaji au mgeni wa dijitali kwa upande wa pili.

Makala hii haihoji kwamba vijana hutumia vifaa hivi kwa wingi na kwa wepesi. Inahoji jina wanalopewa kwa sababu hiyo. Sitiari inapokubalika huacha kuonekana kama sitiari. Hugeuka kuwa maelezo ya hali halisi na kuanza kugawa haki na wajibu. Anayeitwa mzawa hahitaji kuelekezwa njia ya kwao. Anayeitwa mgeni hatarajiwi kumwelekeza mwenyeji. Katika mgawanyo huo wa kimyakimya ndimo yalimo madhara ambayo mhakiki wa lugha na fasihi ana wajibu wa kuyabainisha.

2. Sitiari iliyotoka katika isimu

Prensky aliijenga hoja yake kwa kuazima dhana ya mzungumzaji asilia. Kwa maelezo yake, wanafunzi wote wa wakati huo walikuwa wazungumzaji asilia wa lugha ya dijitali, ilhali walimu wao walikuwa wamejifunza lugha hiyo ukubwani na hivyo wamebaki na lafudhi. Mfano wake mmoja wa lafudhi hiyo ni mtu anayepokea barua pepe na kuichapisha kwenye karatasi ili aisome.

Msomaji wa isimu ataona mara moja kwamba ulinganisho huu umechukua sehemu moja ya ujuzi wa lugha na kuipa uzito wa lugha nzima. Ni kweli kwamba mtoto huipata lugha ya kwanza bila kuketi darasani, na ni kweli kwamba anayejifunza ukubwani mara nyingi hubaki na matamshi ya lugha yake ya awali. Lakini hayo ni mambo ya usemaji. Kuandika, kusoma kwa kupambanua, kupima ukweli wa habari, kutambua kejeli na kutunga ni stadi ambazo hakuna anayezaliwa nazo. Mtoto wa Lamu au wa Kilwa hujifunza kusema bila mwalimu, lakini hawezi kuwa malenga bila kusikiliza, kuigiza, kukosolewa na kurudia. Kutumia mtandao kwa sehemu kubwa ni kusoma na kuandika: kutafuta, kuchagua, kulinganisha, kujibu, kuhifadhi. Kwa hiyo, hata tukikubali kwamba dijitali ni lugha, bado iko upande wa stadi zinazofundishwa.

Historia ya Kiswahili nayo inalipinga dai hili. Walio wengi miongoni mwa wanaotumia Kiswahili leo walianza na lugha nyingine, na fasihi ya lugha hii isingekuwa ilivyo bila wao. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Diwani yake ya Kichomi (1974) ilipochochea mabishano kuhusu ushairi usiofuata vina na mizani, baadhi ya watetezi wa mapokeo waliona kwamba watunzi wa namna hiyo walikuwa wameshindwa tu kuimudu sanaa. Nusu karne baadaye, kazi za Kezilahabi ni sehemu ya urithi unaofundishwa. Umahiri katika Kiswahili umekuwa ukipatikana kwa kazi, na mara nyingi waliokuja ukubwani ndio walioipanua lugha kuliko walioikuta nyumbani.

Katika taaluma ya elimu, sitiari hii haikudumu bila kupingwa. Mwaka 2008 Bennett, Maton na Kervin walionyesha kwamba madai kuhusu wazawa wa dijitali yalikuwa na ushahidi mchache ikilinganishwa na kishindo chake. Mwaka 2009 Prensky mwenyewe alielekea kwenye dhana ya hekima ya dijitali, na mwaka 2011 White na Le Cornu walipendekeza mgawanyo mwingine wa wageni na wakazi, unaotegemea namna mtu anavyoutumia mtandao badala ya umri wake. Pendekezo hilo ni hatua mbele. Hata hivyo, nalo linazungumzia wanaoingia na wanaokaa katika nyumba bila kuuliza nyumba ni ya nani.

3. Uzawa katika Kiswahili

Kiswahili kina mzaliwa na mzawa, maneno mawili yenye asili moja katika kitenzi zaa ambayo matumizi yameyatenganisha. Mzaliwa hutaja mahali: mzaliwa wa Tanga ni mtu aliyezaliwa Tanga, hata kama ameishi kwingine maisha yake yote. Mzawa hudai haki. Tanzania katika miaka ya 1990, wakati wa ubinafsishaji wa mashirika ya umma, neno uzawa lilitumika kubishania nani apewe nafasi ya kwanza katika uchumi wa nchi. Waliolitumia hawakuwa wakiuliza mtu alizaliwa hospitali gani. Walikuwa wakiuliza mali ni ya nani. Mtu anayetafsiri istilahi ya Prensky kwa neno mzawa anabeba mzigo huo pamoja na istilahi yake. Anasema, apende asipende, kwamba vijana ndio wenye mali.

Maneno ya upande wa pili nayo yana desturi zake. Mwenyeji huchanganuliwa kuwa mwenye mji, na mgeni ndiye anayepokewa naye. Lakini utamaduni wa Waswahili haumchukulii mgeni kama mtu wa kubaki nyuma. Methali husema mgeni njoo mwenyeji apone, na nyingine hudai mgeni apewe jembe siku ya tatu. Katika methali hizo mgeni ana kitu anachokileta, na baada ya muda mfupi anahesabiwa kuwa mmoja wa wafanyakazi wa mji. Mgeni wa Prensky, kinyume chake, hubaki mgeni mpaka kufa, na hana jembe.

Wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa na mgawanyo wao kabla ya istilahi za kitaaluma kuwafikia. Baada ya usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, urushaji wa matangazo ya televisheni kwa mfumo wa analojia ulipozimwa Dar es Salaam, na hasa katika kampeni za uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013, dijitali na analojia yakawa majina ya watu. Mzee asiyeelewa mambo aliambiwa ni wa analojia. Kejeli hiyo inaumiza, lakini ina jambo ambalo sitiari ya uzawa haina. Analojia ni mfumo, na mtu huweza kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kinachohitajika ni kifaa ambacho Kiswahili kimekipa jina la kufikirisha: king'amuzi. Neno hilo limetokana na ng'amua, yaani kutambua kilichofichika au kilichochanganyika. Kaya nyingi za mjini ziliingia katika enzi ya dijitali kwa kununua chombo cha kung'amua, na kwa kukilipia kila mwezi. Lugha ya kila siku ilikuwa imesema kwamba jambo hili linataka utambuzi na linataka pesa. Haikutaja kuzaliwa.

4. Tahajia ya ujumbe mfupi kama ushahidi

Ushahidi unaotajwa sana wa upekee wa vijana ni maandishi yao. Tuchukue maumbo yaliyozoeleka: m2 kwa mtu, w2 kwa watu, k2 kwa kitu, cjui kwa sijui, cna kwa sina, xaxa kwa sasa. Walimu wa Kiswahili wameyalalamikia maumbo haya kwa muda mrefu kuwa yanaharibu lugha, na watetezi wa vijana wameyasifu kuwa ni lugha mpya ya kizazi kipya. Pande zote mbili zinayachukulia kama zao la asili ya vijana. Uchambuzi wa karibu unaonyesha vinginevyo.

Kwanza, anayesoma m2 kama mtu analazimika kuitamka tarakimu 2 kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili tarakimu hiyo ni mbili, na umbo hilo halisomeki. Vivyo hivyo, c inasimama badala ya si kwa sababu msomaji anajua jina la herufi hiyo katika alfabeti ya Kiingereza. Katika othografia sanifu ya Kiswahili c haisimami peke yake, hutokea katika ch tu. Maumbo haya basi yanataka mtu anayejua mifumo miwili ya kusoma na anayeweza kuruka kutoka mmoja hadi mwingine ndani ya neno moja. Ujuzi huo ni matunda ya shule. Kijana ambaye hakufundishwa kusoma hawezi kuandika m2, hata kama simu imekuwapo nyumbani tangu alipozaliwa.

Pili, ufupisho ulisukumwa na bei na nafasi. Ujumbe mfupi uliwekewa kikomo cha herufi 160, na kila ujumbe ulilipiwa. Aliyebana maneno alikuwa akibana matumizi, kama alivyofanya mwandishi wa simu ya maandishi posta katika enzi za awali. Tatu, si kila umbo linafupisha. Xaxa lina herufi nne sawa na sasa, na x haimo katika othografia ya Kiswahili. Hapa mwandishi haokoi chochote. Anapamba na kujitambulisha kwa wenzake. Kwa hiyo tunaona nguvu tatu zikifanya kazi pamoja: shule, bei na urembo. Zote zinaweza kuelezwa kwa zana za isimujamii ambazo tumekuwa tukizitumia kuchunguza misimu na Sheng. Hakuna hata moja inayohitaji dhana ya uzawa.

5. Kodi

Msamiati ambao vijana wanautumia kuzungumzia mtandao unatoa picha nyingine kabisa ya nafasi yao ndani yake. Tanzania, kijana hununua vocha, huangalia salio, hujiunga na kifurushi, na bando linapomwishia hutoka mtandaoni. Asiye na salio hubipu. Kenya, huduma ya kukopeshwa muda wa maongezi imepewa jina la Okoa Jahazi, na ya kukopeshwa fedha kwa simu imeitwa Fuliza. Jina la kwanza limechukuliwa katika utamaduni wa bahari na linamchora mteja kama nahodha aliye katika hatari ya kuzama. La pili limechukuliwa katika kitenzi cha kuendelea bila kukoma. Majina haya ni mazuri kama tungo, na ndiyo maana mhakiki anapaswa kuyasoma. Yote mawili ni majina ya deni.

Hapa ndipo neno mpangaji linapofaa zaidi. Mpangaji anaijua nyumba vizuri, pengine kuliko mwenye nyumba. Anajua mlango unaokwama na saa ambayo maji hukatika. Ujuzi huo haumpi hati. Kijana anaijua mitandao ya kijamii kwa namna hiyohiyo: anajua saa ya kuweka video ili itazamwe, anajua maneno ya kuepuka ili asifungiwe. Lakini masharti yameandikwa na wengine, mara nyingi kwa lugha asiyoisoma kwa ukamilifu, na yanaweza kubadilishwa bila yeye kuulizwa.

Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa pango la nyumba na kwa tozo ya serikali, na katika jambo hili maana zote mbili zimekutana. Mwezi Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kuomba leseni na kuilipia. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Mzawa wa mahali gani hulipa kila siku ili aingie kwao, na hufungiwa mlango siku ya uchaguzi? Sitiari inayoficha swali hili ina kasoro ya kimaadili pamoja na ile ya kimantiki.

6. Wasia na anayestahili kuutoa

Fasihi ya Kiswahili ina utanzu uliokomaa wa kuzungumza na vijana, nao ni wasia. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni maneno ya mama kwa binti yake. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati. Katika tungo hizi anayeusia ana mamlaka kwa sababu amepita njia ambayo msikilizaji hajaipita. Teknolojia ya dijitali inaonekana kuuvuruga mpangilio huo, maana mara nyingi ni mtoto anayemwonyesha mzazi namna ya kutuma picha au kurejesha nywila iliyosahauliwa.

Tunaona majibu mawili ya watu wazima. La kwanza ni kukemea: simu imekuja kuharibu maadili, ipigwe marufuku. La pili ni kusalimu amri: hawa wamezaliwa nayo, sisi tutawaambia nini? Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yanafikia mahali pamoja. Anayekemea hafundishi, na anayesalimu amri hafundishi. Kijana anaachwa peke yake na chombo, kisha anapokosea analaumiwa kama mtu aliyekuwa akijua.

Fasihi yetu ilikwisha kulichunguza kosa hili kabla ya simu za mkononi. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua ndiyo iliyokuwa teknolojia ya mawasiliano ya siri kwa vijana wa wakati ule, na baba anaiona kama chanzo cha uovu. Riwaya inakataa maelezo hayo. Rosa haangamizwi na barua. Anaangamizwa na malezi yaliyomzuia bila kumfundisha, yakamwacha afike mbali na nyumbani akiwa hana kipimo chochote cha kuwapima watu. Anayeisoma riwaya hii leo, na kuiweka simu mahali pa barua, ataona kwamba swali la malezi halikuanzishwa na intaneti.

Aidha, mamlaka ya wasia hayakuwahi kutegemea ufundi wa chombo. Mwana Kupona hakumuusia binti yake kuhusu namna ya kutengeneza wino. Alizungumza juu ya watu: namna ya kusema nao, kuwaheshimu, kuwavumilia. Mzazi asiyejua kubadili mpangilio wa simu bado anajua jinsi uongo unavyosikika, jinsi tapeli anavyoharakisha, na kwa nini siri ya mtu haitangazwi. Hayo ndiyo mambo ambayo kijana mtandaoni anayahitaji zaidi, na hakuna tarehe ya kuzaliwa inayomnyima mzee haki ya kuyasema.

Matukio ya Kenya ya Juni 2024 yanaonyesha vijana wenyewe wakitenda kinyume na sitiari waliyopewa. Katika kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, walitumia mitandao kuueleza na kuutafsiri kwa lugha mbalimbali za nchi, ili waliokuwa mbali na Kiingereza cha sheria nao wauelewe. Kazi hiyo ilitaka kusoma vifungu vigumu, kukokotoa, kutafuta istilahi na kukosoana. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma yale. Kuiita kazi ya vijana hao tabia ya kizazi kilichozaliwa na simu ni kuwapunja. Walijifunza, wakafundishana, na baadhi yao wakalipa kwa maisha yao. Wafasiri walifanya ufasiri, na taaluma yetu inapaswa kuihesabu kazi hiyo kuwa hivyo.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba sitiari ya mzawa wa dijitali inaikosea isimu ilikoazimwa, inaigongana historia ya neno uzawa katika Kiswahili, na inaificha hali halisi ya kijana ambaye analipia kila saa anayokaa mtandaoni. Tunapendekeza istilahi hiyo isipewe nafasi katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili isipokuwa inapohakikiwa. Badala yake, neno umilisi linatosha. Tayari limezoeleka katika isimu, na mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio Kenya mwaka 2017 umeuweka ujuzi wa dijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Umilisi hupatikana kwa viwango, hupimika, huweza kukosekana kwa kijana na kupatikana kwa mzee. Zaidi ya yote, una mwalimu.

Kwa wahakiki, hatua inayofuata ni kuyasoma maandishi ya vijana kama matini, kwa ukali uleule na heshima ileile tunayoipa riwaya au utenzi, bila kuyatukuza kwa upya wake wala kuyadharau kwa tahajia yake. Kwa walimu, ni kufundisha. Kijana anayeshika simu kwa wepesi bado hajui mkataba wake unasemaje, picha yake inahifadhiwa wapi, wala habari aliyoisambaza imetoka kwa nani. Anayajua hayo akifundishwa, kama kila mtu.